Mfuate Mama: Kisa cha Wana wa Mfalme Waliopotelea Mnara wa London

Wana wawili wa mfalme waliingizwa katika ngome ya London kati ya Mei na Juni 1483. Mkubwa, Edward, alikuwa na miaka 12 na alikuwa ameshatangazwa mfalme. Mdogo wake, Richard, alikuwa na miaka 9. Kufikia vuli ya mwaka huo hakuna aliyesema amewaona. Hayakufanyika mazishi, hakuna aliyepandishwa kizimbani, na maiti hazikuonyeshwa. Zaidi ya miaka 500 imepita na kesi hii bado inawalisha waandishi wa riwaya za upelelezi. Si ajabu, maana ina kuta nene, baba mdogo anayetaka kiti, rafiki anayegeuka msaliti, na mkimbizi ng'ambo ya bahari anayengoja zamu yake.

Wachambuzi wengi huanza na wanaume hao watatu na kuuliza nani alinufaika. Swali hilo halina mwisho, kwa kuwa wote watatu walinufaika. Mimi ninaanza na mama wa watoto, Malkia Elizabeth Woodville. Hakuacha neno lolote la maandishi kuhusu yaliyowapata wanawe, lakini aliacha maamuzi, na maamuzi yake yana tarehe. Mfalme anaweza kudanganya kwenye tangazo, na mwandishi wa historia anaweza kumpamba anayemlisha. Mama mwenye mabinti watano wa kuokoa hukata shauri kwa kile anachokiamini kweli. Nikimfuata yeye hatua kwa hatua, ninafika mahali pamoja: watoto walikuwa wameshakufa kabla ya Oktoba 1483, wakiwa chini ya ulinzi wa ami yao. Ipo hatua moja inayonitia shaka, nayo nitaifikia.

Ami na mjomba

Uingereza ilikuwa katikati ya vita tunavyoviita leo Vita vya Waridi. Koo mbili zilizotokana na Mfalme Edward III, York na Lancaster, ziligombea kiti cha enzi kwa silaha tangu 1455. Edward IV wa York alikitwaa mwaka 1461, akanyang'anywa 1470, akakirudisha 1471. Mwaka 1464 alioa kwa siri. Mke aliyemchagua, Elizabeth, alikuwa mjane mwenye watoto wawili wa kiume, na mume wake wa kwanza, John Grey, alikuwa amekufa vitani akiipigania Lancaster. Makabaila wa York hawakuimeza ndoa hiyo. Ndugu wa malkia walikuwa wengi, wakapata vyeo, wakaozwa katika nyumba kubwa, na chuki ikalimbikizwa kwa miaka 19.

Edward IV alifariki tarehe 9 Aprili 1483. Mrithi wake, Edward V, alikuwa Ludlow, karibu na mpaka wa Wales, akilelewa na mjomba wake Anthony Woodville, Earl Rivers. Ami yake, Richard, Duke wa Gloucester, alikuwa kaskazini, eneo alilolishika kwa niaba ya kaka yake kwa miaka mingi na kwa uaminifu usiotiliwa shaka. Hapo ukaanza ugomvi wa ami na mjomba: nani atamshika mkono mfalme mtoto?

Ami alishinda kwa usiku mmoja. Tarehe 29 Aprili alikula chakula cha jioni na Rivers mjini Northampton, pamoja na Duke wa Buckingham. Asubuhi Rivers akakamatwa. Mfalme mtoto alikuwa Stony Stratford, mbele kidogo njiani kwenda London. Richard alimfuata huko, akampigia goti, kisha akamkamata kaka yake wa upande wa mama, Richard Grey, pamoja na Thomas Vaughan aliyekuwa msimamizi wa nyumba yake. Mtoto alilia na kuwatetea. Hakusikilizwa.

Habari zilipofika London, malkia hakungoja ufafanuzi. Usiku uleule alichukua mwanawe mdogo na mabinti zake, akaingia katika hifadhi ya Abasia ya Westminster, mahali ambapo kwa sheria ya kanisa mtu hakuweza kukamatwa. Alipajua vizuri. Mwaka 1470, mumewe alipokimbilia ng'ambo, alijificha hapohapo, na ndimo alimomzaa huyu Edward V.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Richard alikuwa bado anaapa utii kwa mpwa wake, na wengi wa baraza walimwamini. Mama hakumwamini. Wiki saba baadaye ilionekana nani aliona mbali.

Tarehe 16 Juni

Hatua ya pili ndiyo anayolaumiwa zaidi, maana alimtoa mtoto wa pili kwa mkono wake.

Edward V aliingia London tarehe 4 Mei na baada ya siku kadhaa akahamishiwa Mnara wa London. Kwa wakati huo hilo halikuwa jambo la kutisha. Mnara ulikuwa ngome, ghala la silaha, gereza na pia makao ya kifalme, na desturi ilimtaka mfalme atokee huko kwenda kutawazwa. Kutawazwa kulipangwa tarehe 22 Juni. Richard alikuwa Mlinzi wa Ufalme kwa idhini ya baraza.

Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 13 Juni. Katika kikao cha baraza ndani ya Mnara, Richard alimshtaki Lord Hastings kwa uhaini. Hastings alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa marehemu mfalme, na hakuwapenda akina Woodville. Alikatwa kichwa siku ileile bila kusikilizwa na mahakama. Siku tatu baadaye, boti zenye watu wenye silaha zilipanda Mto Thames hadi Westminster na abasia ikazingirwa. Askofu Mkuu wa Canterbury, Thomas Bourchier, aliingia kuzungumza na malkia. Hoja aliyoletewa ilikuwa na ncha: hifadhi ni ya mkosaji au anayeonewa, naye mtoto wa miaka 9 hana kosa na hakuna anayemwonea, basi anahifadhiwa na nini? Isitoshe mfalme anatawazwa Jumapili, na si vema akose ndugu yake. Mzee wa kanisa akaahidi kwamba mtoto atarudi.

Akamtoa. Wanaomtetea Richard husema hii inaonyesha kwamba alimwamini. Mimi naona mwanamke aliyezingirwa, aliyesikia juzi tu kilichompata Hastings, na aliyejua kwamba wakiamua kuvunja mlango watachukua kila aliyemo, mabinti pia. Aliokoa alichoweza kukiokoa.

Mambo yaliyofuata yalikwenda mbio. Kutawazwa kukaahirishwa. Tarehe 22 Juni mhubiri Ralph Shaa alisimama penye msalaba wa Kanisa la St Paul's akawatangazia watu wa London kwamba wana wa Edward IV si halali. Tarehe 25 Juni Rivers, Grey na Vaughan waliuawa katika ngome ya Pontefract. Tarehe 26 ami akakalia kiti, na 6 Julai akatawazwa kuwa Richard III.

Msingi wa kisheria uliotolewa ulikuwa huu: kabla ya kumuoa Elizabeth, marehemu mfalme alikuwa ameshafunga ahadi ya ndoa na mwanamke mwingine, Eleanor Butler, kwa hiyo ndoa ya pili ilikuwa batili na watoto wote ni wa nje ya ndoa. Eleanor alikuwa amekufa tangu 1468. Mume aliyetuhumiwa naye alikuwa amekufa. Jambo la ndoa lilikuwa la mahakama ya kanisa, na hakuna mahakama ya kanisa iliyokaa kulisikiliza. Inawezekana kabisa hadithi hiyo ilikuwa ya kweli, kwani Edward IV hakuwa mtu wa kujizuia kwa wanawake. Lakini ukweli wake usingewaondolea watoto hatari. Mtoto aliyeitwa haramu na Bunge mwaka huu angeweza kuitwa halali na Bunge la mwaka ujao, na wote waliohusika walilijua hilo.

Madirisha ya Mnara

Shahidi bora wa siku hizo ni mgeni. Dominic Mancini, Mtaliano, alikuwa London wakati huo na aliondoka Julai, muda mfupi baada ya Richard kutawazwa. Alimaliza taarifa yake Desemba 1483 huko Beaugency, Ufaransa, kwa ajili ya Angelo Cato, Askofu Mkuu wa Vienne. Andiko hilo lilipotea machoni pa watu kwa karne nyingi, likagunduliwa Lille katika miaka ya 1930. Umuhimu wake ni kwamba liliandikwa karibu miaka miwili kabla Henry Tudor, aliyekuja kumwangusha Richard, hajawa mfalme. Anayesema kwamba simulizi yote dhidi ya Richard ilitungwa na Watudor anapaswa kwanza kumjibu Mancini.

Mancini anaeleza kwamba baada ya Hastings kuuawa, watumishi wote wa mfalme mtoto waliondolewa. Yeye na ndugu yake walihamishiwa vyumba vya ndani zaidi, wakawa wanaonekana nyuma ya nondo za madirisha, kila siku kwa nadra zaidi, hadi wakaacha kuonekana kabisa. Wa mwisho kumhudumia alikuwa daktari, John Argentine. Huyo alisimulia kwamba Edward alikuwa akiungama na kutubu kila siku, kwa kuwa aliamini kifo kinamkabili. Mancini anasema aliwaona watu wakitokwa na machozi lilipotajwa jina la mtoto huyo, na tayari uvumi ulikuwepo kwamba ameuawa. Lakini mwandishi huyu hakujifanya anajua: amekufa au la, na kwa njia gani, hakuweza kusema. Uangalifu huo unanifanya nimwamini katika mengine.

Barua zilizobebwa na daktari

Sasa tufike kwenye hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kesi.

Vuli ya 1483 ulipangwa uasi kusini mwa Uingereza, na Duke wa Buckingham, aliyekuwa rafiki wa Richard, akajiunga nao. Mwandishi wa historia ya Abasia ya Crowland, aliyeijua serikali kwa ndani, anasema mwanzoni shabaha ilikuwa kuwatoa watoto Mnarani. Kisha zikaenea habari kwamba wamekufa kifo cha nguvu, isijulikane namna gani. Hapo waasi wakabadili jina la wanayempigania. Badala ya Edward V wakamtaja Henry Tudor.

Henry Tudor alikuwa nani? Kijana wa miaka 26, mkimbizi huko Brittany tangu 1471, mabaki ya upande wa Lancaster. Dai lake la kiti lilipitia kwa mama yake, Margaret Beaufort, katika tawi lililoanzia nje ya ndoa na ambalo Henry IV alilifungia mlango wa ufalme. Wafuasi wa York hawakuwa na sababu hata moja ya kumpigania mtu wa namna hiyo, isipokuwa kama angeahidi kumuoa binti wa Edward IV. Na ndivyo ilivyokuwa. Daktari mmoja wa Wales, Lewis Caerleon, aliyewatibu Margaret na Elizabeth wote wawili, aliingia na kutoka hifadhini bila kushukiwa, akibeba ujumbe kati ya mama na mama. Elizabeth alikubali binti yake mkubwa aolewe na Tudor. Sikukuu ya Krismasi ya 1483, katika Kanisa Kuu la Rennes, Henry aliapa hadharani kwamba ataoa.

Pima uamuzi huo. Kama mama anaamini Edward wake yu hai, kumsaidia Tudor ni kumpokonya mwanawe kiti na kumpa mtu wa ukoo uliopigana na nyumba ya mumewe. Zaidi ya hapo, ni kumtia mwanawe hatarini, maana Tudor akishinda hatataka mfalme mwingine awe hai. Elizabeth aliyejifungia hifadhini mara mbili kwa ajili ya watoto wake asingefanya hivyo. Alifanya kwa sababu mlango wa wana ulikuwa umefungwa na uliobaki ni wa binti.

Utaniambia kwamba huenda alidanganywa. Margaret Beaufort alikuwa na kila sababu ya kutaka Elizabeth aamini kuwa wanawe hawapo. Ni hoja ya haki. Lakini Westminster na Mnara viko kwenye mto mmoja, umbali wa maili mbili na nusu hivi. Elizabeth alikuwa na marafiki mjini. Na juu ya yote, aliyeweza kuuzima uongo huo kwa asubuhi moja alikuwa Richard.

Kuonyesha mtu, au kuonyesha maiti

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu wasomaji wa leo husahau jinsi siasa za zama hizo zilivyotegemea macho ya watu. Hapakuwa na picha wala gazeti. Mfalme aliyetaka watu waamini kwamba fulani amekufa alionyesha maiti. Richard II alipokufa kifungoni mwaka 1400, mwili wake uliletwa London na uso ukaachwa wazi. Henry VI alipokufa ndani ya Mnara huohuo Mei 1471, maiti yake iliwekwa katika Kanisa la St Paul's ili kila mtu aione. Na mfalme aliyetaka watu waamini kwamba fulani yu hai alimtembeza. Mwaka 1487, waasi walipodai kwamba wanaye Edward, Earl wa Warwick, Henry VII alimtoa Warwick halisi Mnarani, akampitisha katika mitaa ya London hadi St Paul's, watu wakamwona na wengine wakazungumza naye.

Richard III hakufanya hata moja kati ya hayo mawili. Uvumi ulipokuwa unawasha moto kaunti baada ya kaunti, alikuwa na dawa mkononi: wapitishe watoto hadharani, uasi upoteze sababu. Januari 1484 kansela wa Ufaransa, Guillaume de Rochefort, alisimama mbele ya wawakilishi wa nchi yake mjini Tours akasema wazi kwamba watoto wa Edward wameuawa na muuaji amevishwa taji. Tusi kama hilo kutoka kwa serikali ya kigeni, na bado London ikanyamaza.

Kwa nini basi asionyeshe maiti na kusingizia homa? Nadhani jibu liko kwa Henry VI. Kaburi lake huko Chertsey lilikuwa limegeuka mahali pa hija, watu wakisimulia miujiza, ingawa serikali ya York haikufurahia. Agosti 1484 Richard mwenyewe aliuhamisha mwili huo hadi Windsor. Alijua nguvu ya kaburi la mfalme asiye na hatia. Makaburi mawili ya watoto yangekuwa balaa. Akachagua kimya, na kimya kikamgharimu zaidi.

Wanaomtetea huuliza: mbona hakumuua Warwick, mpwa wake mwingine, mtoto wa kaka yake Clarence? Ni kweli, alimwacha hai huko kaskazini. Lakini dai la Warwick lilikuwa limezuiwa na hukumu ya uhaini iliyompata baba yake mwaka 1478, na hakuna aliyekuwa akichukua silaha kwa jina lake. Aliyemuua Warwick ni Henry VII, Novemba 1499.

Machi 1484

Hatua ya nne ndiyo silaha kubwa ya watetezi wa Richard. Tarehe 1 Machi 1484, Elizabeth alikubali kutoka hifadhini na kuwatoa mabinti zake wakae chini ya ulinzi wa mfalme. Wanauliza: mama gani atawakabidhi mabinti zake kwa aliyewaua wanawe? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, hivyo lazima alikuwa amehakikishiwa kwamba wavulana wako salama.

Hoja inasikika vizuri mpaka ukumbuke Richard Grey. Huyu pia alikuwa mwana wa Elizabeth, wa ndoa yake ya kwanza, na hakuna anayebishana kuhusu aliyemuua. Rivers, ndugu yake wa tumbo moja, vilevile. Elizabeth alifanya mapatano na mtu aliyeua mwanawe. Hilo ni jambo la kumbukumbu za serikali, wala si la kukisia. Kwa hiyo huwezi kusema mama hawezi kufanya hivyo. Alifanya.

Kisha soma kiapo chenyewe. Richard aliapa juu ya masalia matakatifu na Injili, mbele ya makabaila, maaskofu, meya na wazee wa jiji la London, kwamba mabinti hawatadhurika, hawatanajisiwa, hawatafungwa katika Mnara wa London wala gereza lingine lolote, na wataozwa kwa waungwana, kila mmoja akipewa ardhi ya maki 200 (maki ni kipimo cha fedha cha wakati huo) kwa mwaka. Mama atalipwa maki 700 kwa mwaka. Malkia wa zamani hadai kiapo cha hadharani mbele ya jiji zima ili mabinti zake wasitiwe Mnarani kama anaamini kwamba Mnara ni mahali salama. Na wavulana hawatajwi popote.

Hali yake wakati huo tunaijua. Uasi wa Oktoba ulishindwa, mvua na mafuriko ya Mto Severn vililiangamiza jeshi la Buckingham, meli za Tudor zikageuza njia. Bunge la Januari lilithibitisha kwamba ndoa yake haikuwa ndoa, na kiapo chenyewe kinamwita Dame Elizabeth Grey, aliyekuwa akijiita malkia. Alikuwa na mabinti watano katika nyumba ya watawa iliyochoka kuwalisha, chini ya mfalme mwenye umri wa miaka 31 ambaye angeweza kutawala miaka 30 mingine. Alichukua alichopewa. Hata alimwandikia mwanawe mwingine wa ndoa ya kwanza, Dorset, aliyekuwa na Tudor uhamishoni, arudi nyumbani. Dorset alijaribu kutoroka akakamatwa njiani, huko Compiègne.

Washukiwa wengine, kwa ufupi

Buckingham alikuwa na damu ya kifalme, na baadhi ya maandiko ya wakati huo yanamtaja. Alikatwa kichwa Salisbury tarehe 2 Novemba 1483, siku ambayo Edward V angetimiza miaka 13. Kama ndiye aliyewaua bila ruhusa, Richard alipata bahati ya ajabu, yaani msaliti aliyekwisha kufa ambaye angeweza kubebeshwa kosa lote. Hakumbebesha. Kwangu hilo linamwondoa Buckingham kama mtenda peke yake, ingawa anaweza kuwa alishauri.

Henry VII hakukanyaga Uingereza kama mfalme hadi Agosti 1485, baada ya Richard kuuawa vitani Bosworth tarehe 22. Angewaua tu kama wangekuwa hai muda wote huo bila mtu kuwaona. Jambo moja linamtetea vizuri. Ili kumuoa Elizabeth wa York, Januari 1486, ilibidi aifute sheria iliyowaita watoto wa Edward IV haramu. Aliifuta, akaamuru nakala zake ziteketezwe. Kwa kufanya hivyo aliwarudishia uhalali wavulana pia. Hakuna mfalme anayefanya hivyo akiwa na wasiwasi kwamba watajitokeza.

Lakini Henry naye alinyamaza. Sheria ya Bunge lake la kwanza ilimtuhumu Richard kwa kumwaga damu ya watoto wachanga, kwa maneno ya jumla, bila jina wala mahali. Hadithi yenye majina ilikuja baadaye, kwa Thomas More: kwamba Sir James Tyrell alitumwa, akawatumia Miles Forest na John Dighton, nao wakawaziba pumzi watoto kwa matandiko kitandani. More alikuwa na miaka 5 mwaka 1483, na hati ya ungamo la Tyrell, aliyekatwa kichwa kwa uhaini mwingine mwaka 1502, haipo. Kwa muda mrefu niliiona simulizi hii kuwa tamthilia tu. Hata hivyo, mwishoni mwa 2024 ilitangazwa habari ya wosia wa 1516 wa Margaret Capell, shemeji yake Tyrell, unaomrithisha mwanawe mkufu uliokuwa wa mfalme kijana Edward wa Tano. Mkufu unaweza kufika katika nyumba kwa njia nyingi. Ila nyumba yenyewe si ya kubahatisha.

Mwaka 1487

Nilisema ipo hatua moja inayonitia shaka. Februari 1487 ardhi zote za Elizabeth Woodville zilichukuliwa na kupewa binti yake malkia, naye akahamia Abasia ya Bermondsey kwa posho ya maki 400. Wakati uleule Dorset alitiwa kizuizini. Na wakati uleule mvulana anayeitwa Lambert Simnel alikuwa Ireland, akielekea kuvishwa taji Dublin tarehe 24 Mei.

Kwa kauli rasmi, Simnel alijifanya Warwick. Sasa, Elizabeth angemuunga mkono Warwick kwa faida gani? Angemwangusha binti yake mwenyewe na mjukuu wake Arthur, aliyezaliwa Septemba 1486 na ambaye yeye alikuwa mama yake wa ubatizo. Kama kweli alikuwa upande wa waasi, maelezo pekee yenye akili ni kwamba aliambiwa mvulana wa Dublin ni mwanawe. Mwaka 2023 watafiti wanaoamini kwamba watoto walinusurika walitoa hati ya Desemba 1487 kutoka Lille kuhusu silaha zilizonunuliwa kwa ajili ya mpwa wa Margaret wa Burgundy, dada yake Edward IV, aliyetajwa kuwa mwana wa Mfalme Edward. Hati hiyo ninaichukulia kwa uzito, ingawa inathibitisha madai ya waliomfadhili kijana, haithibitishi kijana alikuwa nani.

Kinachonirudisha kwenye hukumu yangu ni Scotland. Mwaka huohuo wa 1487 Henry VII alikuwa akijadiliana ili mama mkwe wake huyo aolewe na Mfalme James III. Mtu hampeleki mwanamke aliyemshuku kwa uhaini akawe malkia wa nchi jirani yenye jeshi mpakani. Nadhani Henry alitaka ardhi za kumtunza mkewe, na alizichukua pale palipokuwa rahisi. Wosia wa Elizabeth wa Aprili 1492 unasema hana mali ya dunia ya kumpa binti yake malkia wala watoto wake wengine. Alifariki Juni mwaka huo, wakati kijana mwingine, Perkin Warbeck, alikuwa ameshajitokeza Cork na hivi karibuni angedai kuwa ndiye Richard, mdogo wa wale wawili.

Kuhusu mifupa, mwaka 1674 mafundi waliokuwa wakibomoa ngazi za Mnara walikuta mabaki ya watoto wawili ndani ya sanduku. Mwaka 1678 yaliwekwa katika chombo cha marumaru ndani ya Abasia ya Westminster kama mabaki ya wana wa mfalme. Yalifunguliwa mara moja tu, 1933, yakakutwa yamechanganyika na mifupa ya wanyama. Wapimaji wakakadiria umri unaokaribiana na wa ndugu hao, bila kuweza kusema kama ni wavulana au wasichana, na kipimo cha DNA hakijawahi kufanywa. Richard III alipofukuliwa Leicester mwaka 2012, alitambuliwa kwa DNA inayorithiwa kwa mama, kupitia kizazi cha dada yake. DNA hiyo ya Richard haiwezi kuwatambua wapwa zake, kwa kuwa alikuwa ndugu wa baba yao. Kipimo cha namna hiyo kikifanywa siku moja pale Westminster, sampuli ya kulinganisha itabidi itoke katika ukoo wa Elizabeth Woodville.